Ulimi wa Lasmini

Lori liliporudi kutoka Surabaya limejaa kama lilivyoondoka, kiwanda kizima kilijua kwamba kuna mtu atamwaga unga wiki hiyo. Wenye maduka walikuwa wamezikataa kaukau. Chapwa, walisema, afadhali kutafuna karatasi. Na kaukau za uduvi za Sidoarjo zinaweza kuvunjika, zinaweza hata kuungua kidogo, lakini kuwa chapwa ni tusi kwa mji mzima.

Lasmini alizipata habari hizo akiwa kwenye meza ya kuonja, na moyo ukampasuka. Kuonja ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila mchanganyiko wa unga wa muhogo na uduvi ulipotoka kwenye beseni la Ngatemin, kipande kidogo kilipikwa kwa mvuke papo hapo, yeye na mwenzake Darsih wakakionja. Wakikubaliana kwamba chumvi imekolea, donge liliendelea na safari yake ya kupikwa, kukatwa na kuanikwa. Waliwekwa waonjaji wawili kwa sababu ulimi wa mtu mmoja unaweza kuamka vibaya. Marehemu mzee aliyeanzisha kiwanda ndiye aliyepanga hivyo, na ulikuwa mpango wa busara, ila alisahau kwamba watu wake ni Wajava, na kwa Wajava adabu ni sheria.

Maana Darsih angeweza kuwa binti wa Lasmini, na binti aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima kwamba amekosea. Lasmini akikunja uso, Darsih naye alikunja. Lasmini akisema imezidi, Darsih alijibu, "Ndiyo, Bu," yaani ndiyo, mama. Ngatemin mchanganyaji, baba wa watoto wadogo watatu, naye alijibu vivyo hivyo na kupunguza chumvi. Hivyo ndivyo heshima ilivyotawala pale mezani, na heshima ikizidi haina tofauti na uziwi.

Yote yalianza kabla ya mwezi wa mfungo, Lasmini alipoanguka uani akianua nguo. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpima presha, akapima tena, kisha akamwuliza mama yake alikufa kwa maradhi gani. Lasmini hakuhitaji mahubiri. Mama yake aliuawa na kiharusi, tena taratibu, akiwa amelala miaka mingi, upande mmoja wa mwili umekufa, na Lasmini ndiye aliyemwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko na kumfuta mate. Alirudi nyumbani akatoa ng'onda zote, viungo vya pakiti na rojo nyeusi ya uduvi iliyokuwa haikosekani mezani, akampa jirani. Tangu siku hiyo chungu chake kilijua majani ya mlonge, tempe, ile mikate ya soya, ya kuchoma, kitunguu saumu na ndimu. Mumewe Sakiman alilalamika kwamba kilichobaki sasa ni wao kufungwa kamba shingoni wapelekwe malishoni. Lakini alikula, Mungu ambariki, na sahani aliimaliza.

Na mwili ukaitika. Kichwa kiliacha kugonga alfajiri, miguu ikaacha kuvimba, na muuguzi alipompima tena alitabasamu. Lasmini alijiona kama aliyeachiwa kutoka gerezani. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba ulimi nao hupona. Ulimi ulioachishwa chumvi hurudia utoto, na kilichokuwa kitamu jana leo kinauchoma. Mwanzoni aliamini kabisa kwamba mkono wa Ngatemin umekuwa mzito. "Punguza," alimwambia. Baada ya siku kadhaa akamwambia tena apunguze.

Akili ilimjia kwenye harusi ya mpwa wa Sakiman. Yeye alikuwa akiusukuma mchuzi kando kwa ukali wa chumvi, huku wageni wakipokezana kopo la chumvi wakinong'ona kwamba mpishi ni bahili. Alikaa pale na kijiko mkononi, akaona kazi yake inamponyoka. Angeweza kusema kesho yake. Hakusema. Mwonjaji aliyepotewa na ulimi hupelekwa kwenye ufungaji, kwa mshahara mdogo, kusimama kutwa nzima miongoni mwa wasichana. Badala yake alijaribu kuurudisha ulimi kwa siri. Alinunua ng'onda, akala mchana wakati wenzake wanaswali, mpaka kichwa kikaanza kugonga upya na hofu ikamrudisha kwenye mlonge. Baada ya hapo kila siku alibahatisha tu, akiomba Mungu watu wa Surabaya wasione tofauti. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe sasa kilikuwa kimeegeshwa getini kikiwa na magurudumu sita.

Pak Handoyo, yaani Bwana Handoyo, mtoto wa yule mzee na mwenye kiwanda sasa, hakuwa mtu wa kelele. Alikwenda stoo akaona magunia ya chumvi yaliyobaki ni mengi kuliko yanavyopaswa kuwa. Basi mkosaji amepatikana: mchanganyaji hakuwa akitia chumvi. Alimwita Ngatemin mbele ya watu akamwuliza kwa nini. Lasmini alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akishika ukingo wa meza, akisubiri jina lake litajwe.

Ngatemin alimtazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. "Samahani, Pak," alisema. Hakuongeza neno, kwa sababu kumwaibisha mama wa watu hadharani lilikuwa jambo asiloliweza, hata kama kitumbua chake kingeingia mchanga. Lasmini aliona haya mpaka masikio yakawaka, na bado mdomo haukufunguka.

Pak Handoyo alitaka kutenda haki. Alisema kesho asubuhi ndimi za waonjaji zitajaribiwa kwanza: watawekewa sahani tatu, waonyeshe ile yenye chumvi ya sawasawa. Zikionekana nzima, Ngatemin achukue vyake aende.

Jioni Lasmini alimweleza mumewe kila kitu. Sakiman aliirudisha tempe yake sahanini.

"Jaribio unaliweza?" aliuliza.

"Naliweza. Yenye chumvi ya sawasawa mimi sasa inanichoma. Nikiipata ile inayochoma kiasi, nainyooshea kidole hiyohiyo."

"Basi nyoosha kidole, unyamaze."

"Na Ngatemin?"

"Ngatemin ana mikono. Atapata beseni lingine." Lakini alisema huku akitazama sahani, na wali wake haukuisha.

Asubuhi sahani tatu zilipangwa mezani, kaukau zikiwa zimekaangwa muda uleule. Wafanyakazi walisimama nyuma, na Ngatemin alikuwa mlangoni akiwa tayari amevaa nguo za nyumbani. Lasmini alionja ya kwanza, ikampitia ulimini bila shida, laini, tamu. Ilikuwa ya lile lori. Ya pili ilimchoma. Ya tatu ilimchoma mpaka machozi yakamlenga. Kwa hiyo jibu lilikuwa sahani ya pili, wala hapakuwa na cha kufikiri. Kidole chake kilikuwa tayari kimeinuka.

"Niambie moja tu, Bu," alisema Pak Handoyo. "Ingekuwa ni wewe, ipi ungeiruhusu itoke?"

Upande wa kulia Lasmini alimsikia Darsih akipumua, akimngojea, kama anavyongojea kila siku, apate cha kufuata. Akajua kwamba atakachosema yeye ndicho kitakachokuwa kweli ndani ya chumba kile.

"Hii," alisema, akaigusa sahani ya kwanza. "Hii ndiyo niliyoiruhusu, Pak. Mimi ndiye niliyemwambia Ngatemin apunguze. Ulimi wangu umebadilika, na nimejua tangu zamani."

Pak Handoyo akamgeukia Darsih amwulize anaonaje, na msichana akafungua mdomo, macho yakimtafuta Lasmini.

"Usiniangalie mimi, mwanangu," Lasmini alisema. "Onja mwenyewe."

Darsih alionja. Machozi yakaanza kumtoka kabla hajameza. "Hii haina chumvi, Bu," alisema kwa sauti ndogo. "Haina chumvi tangu mwezi wa mfungo. Sote tulijua. Nisamehe."

Hilo lilimchoma Lasmini kuliko sahani ya tatu. Alipotazama nyuma aliona nyuso zote zimeinama, na akaelewa kwamba muda wote ule aliojificha, alikuwa akijificha peke yake.

Pak Handoyo alimwuliza ulimi umepatwa na nini, naye akaeleza: presha, mlonge, kila kitu. Mwenye kiwanda alisikiliza mpaka mwisho. Alipoanza kusema, alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mtego. Kosa limesemwa, Ngatemin arudi kwenye beseni lake. Na Bu Lasmini, aliyemtumikia baba yake, hawezi kutupwa hivihivi.

"Rudi kula kama watu, Bu. Taratibu tu. Ulimi utarudi wenyewe, na kiti chako kitakungoja."

Kila mtu pale alilijua jibu. Ni jibu ambalo Lasmini mwenyewe alikuwa akilitoa tangu utotoni kwa kila aliyemzidi umri au cheo. Alilisikia likipanda kooni. Aliutaka ule mshahara, alikitaka kile kiti, aliitaka kanga nyeupe wanayojifunga waonjaji, ambayo watoto wa mtaani kwake waliionea fahari.

"Hapana, Pak," alisema.

Mtu mmoja nyuma akavuta pumzi. Pak Handoyo alimtazama kama aliyesikia lugha ngeni.

"Mama yangu nilimlisha kwa kijiko mpaka akafa," Lasmini alisema. "Mimi sina binti wa kunilisha."

Pak Handoyo alizisogeza sahani, akazirudisha palepale, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, nafasi iliyopo ni ya ufungaji. Lasmini alishukuru, akavua kanga nyeupe, akaikunja, akaiacha juu ya meza.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amesimama miongoni mwa wasichana akifunga mifuko, miguu ikimuuma. Sauti ya Darsih ilimfikia kupitia dirisha, ikitetemeka lakini ikisikika wazi: "Bado, Pak Ngatemin. Ongeza." Na Ngatemin, aliyemzidi umri mara mbili, akajibu ndiyo. Lasmini alisikia, ikamuuma, akaendelea kufunga.