Kwa Nini Kimoja Kilibaki

Mi Nzohabonayo nasema wazi: mutoto wangu Tania nimemuharibia mi mwenyewe. Si vita, si serikali. Mi na kinywa changu.

Alipata burse, musaada wa masomo, ya kwenda Ulaya kusoma antimata. Musinicheke, hata mi nilicheka. "Ni kitu gani hiyo? Inaliwa?" Akaweka jembe chini, palepale kwenye mihogo, akanieleza. Eti mwanzo wa dunia kila kachembe kalizaliwa na pacha yake ya kinyume. Bakikutana, bote bawili banapotea, unabaki mwanga tu. Kwa hesabu hakungebaki kitu, hata ziwa, hata sisi. Lakini bachache ba upande wetu balibaki, na hakuna mwenye kujua kwa nini. "Mi ndiyo nataka kujua, mama." Nikainamia mihogo. Yeye naye ni pacha.

Mwenzake, Anastasie, alikufa na homa tulipokimbia Burundi, tukamuzika karibu na Mboko, huku Kongo. Na kwetu sisi pacha akikufa hatulii, wala neno la kufa hatulitamki, yule muzima asije akasikia akamufuata. Basi siku ya kuandikishwa kambini, karani aliuliza batoto bangapi. Nikajibu: bawili, mapacha. Miaka kumi chakula cha bawili kiliingia, nikapokea. Ningesema nini?

Sasa Tania anaomba karatasi ya kusafiria. Wilfried, karani wa biro ya bakimbizi kule Baraka, akafungua dosie, faili yetu. "Huyu mwingine iko wapi? Aje aweke kidole."

Nikamutazama Tania. "Iko," nikasema.

"Iko wapi, mama?" Aliuliza mara tatu, sauti inapanda. Ee Mungu wangu! Nikatamka: "Amekufa. Tangu tulipofika." Mbele ya mutoto.

Wilfried akafunga dosie. Eti tumekula chakula cha maiti, jamaa nzima isubiri uchunguzi. Nikapiga magoti: kosa ni langu, masomo yanaanza mwezi wa kenda! Akaita mutu mwingine.

Njiani Tania hakulia. "Mama, nililala naye mukeka mumoja. Nilimusikia akipoa. Ulizani sijui?"

Uchunguzi uliisha mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Nafasi balishamupa mwingine.

Majuto ni mujukuu, nimemuona. Niliogopa Tania atamufuata mwenzake, nikataka abaki. Haya, amebaki. Saa hii iko nyuma ya nyumba anatwanga muhogo, na mi naogopa kumwita.