Themanini na Tatu

Katika mtaa wetu hakuna fundi cherehani anayenyoosha mshono kama mimi. Ni kweli kwamba fundi mwingine alihama, lakini hata alipokuwepo tulikaribiana sana: yeye mbele, mimi nyuma.

Siku moja mjukuu wangu aliingia na kitambaa cheupe, akakibwaga juu ya cherehani kabla hata ya kuketi. Tunamwita Mbiombio kwa sababu alianza kutembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na tangu hapo hajapunguza mwendo.

"Bibi, nishonee gauni la harusi. Mwezi ujao."

"Na chuo?"

"Naacha."

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu awe muuguzi. Mchumba wake, fundi vigae, kijana wa heshima mwenye magoti yaliyoota sugu, hakuwa na haraka yoyote. Haraka ilikuwa ya Mbiombio.

"Nataka kuzaa mapema," akasema. "Mama alikufa na miaka thelathini na sita. Mama mkubwa hata arobaini hakufika. Nikingoja, nani atanilelea wanangu?"

Kisha akanipa somo alilopewa chuoni. Mtoto akikulia kwenye taabu na misiba, mwili wake unajifunza kwamba maisha ni mafupi, nao unakaza mwendo: anavunja ungo mapema, anazaa mapema, na mara nyingi anachakaa mapema. Eti ndivyo viumbe walivyofika hapa tulipo, maana mahali pa kufa mapema, aliyesubiri hakuacha mtoto.

"Kwa hiyo mwili wangu ulishaamua, Bibi. Mimi naufuata tu."

Nikakitazama kile kitambaa. Hao waliokufa ni wanangu mimi, sikuhitaji mwalimu wa kunihesabia. Lakini nikajiapiza palepale: huyu chuo haachi, hata ikibidi mimi niwe mtu mwingine.

"Huo mwili wako ulihesabu waliokufa," nikamwambia. "Mimi niliyebaki ulinihesabu?"

"Kwani wewe una miaka mingapi?"

Nikainamia tundu la sindano. "Themanini na tatu."

Akaketi. Alikuja kwangu angali mdogo, na kwa mtoto bibi ni mzee, basi, hakuwahi kuuliza.

"Sikujua," akasema taratibu. "Mwalimu alisema pia kwamba mwili unabashiri tu, hauapi. Mtoto akipata mtu wa kumtuliza, mambo yanaweza kubadilika."

"Ndiye mimi huyo. Nenda kafikirie, kitambaa kiache hapa."

Sasa kazi ikaanza. Kuonekana mzee ni rahisi, na kuonekana mzima ni rahisi. Kuonekana vyote kwa pamoja kunataka mazoezi. Nilipanda ngazi zetu na ndoo ya maji kichwani, mgongo wima, halafu nikifika mlangoni nakumbuka kujikunja. Nilisimulia mambo yaliyotokea kabla sijazaliwa kana kwamba niliyasimamia mwenyewe. Sukari nikaiacha kabisa, na hapo sikuwa naigiza. Nilikuwa nimedhamiria kuufikia huo umri kwa miguu yangu, ili angalau uongo wangu uje kuwa kweli baadaye.

Mbiombio alikuwa akinitazama tu. Akitaka kunipokea ndoo, nampita.

Mwisho wa mwezi kaka yangu alikuja nimfupishie suruali. Nilimsimamisha juu ya kigoda, nikapiga magoti, pini tatu nimezibana kwa midomo. Mbiombio akaingia na mchumba wake.

"Bibi, tumeamua kusubiri. Namaliza chuo kwanza."

Fundi vigae akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Mimi nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ya pini na kwa sababu ya machozi.

"Yote ni kwa ajili ya huyu," Mbiombio akamwambia kaka yangu kwa majivuno. "Babu, umemwona? Themanini na tatu, na bado anapanda na ndoo."

Kaka akatazama chini. "Nani ana themanini na tatu?"

"Bibi."

"Mimi mkubwa wake nina sabini na moja. Huyu nilimbeba mgongoni, akanikojolea shati la shule."

Fundi vigae akaikodolea macho sakafu yangu ya saruji kana kwamba ina vigae.

"Bibi," akasema Mbiombio. "Toa pini."

Nikatoa moja.

"Zote."

Nikatoa ya pili, polepole.

"Chuoni narudi, usijali, nilishaamua," akasema, na sauti yake haikutetereka. "Ila hiyo themanini na tatu utaifikisha, na nitakusimamia. Sasa niambie ukweli. Una miaka mingapi?"

Nikatoa pini ya mwisho, nikaifuta kwa kanga, nikaichomeka mahali pake.

"Sabini na mbili."

Kaka yangu, mwenye sabini na moja, akashuka kwenye kigoda ili anitazame vizuri.