Jenereta Iliyovaa Makatambuga

Tik, tik, tik. Niliusikia mlio huo kabla sijafungua mlango wa nyuma wa gari, nikajua sakafu imepasuka tena. Nilipofungua, ufa ulikuwa pale, umeanzia kwenye mguu wa jenereta na kutambaa hadi karibu na tairi.

Gari ni la Hadija, Mama Ashraf wa Ujiji. Tunazifuata kazi za kuchomelea ziliko: mashine za kusaga za Simbo, vyuma vya mitumbwi huku mwaloni, wavuvi wanakotia nanga. Ule ulikuwa ufa wa tatu. Alisema ukija wa nne, jenereta itang'olewa, gari libebe dagaa, na mimi nitafute pengine pa kushikia spana.

Nyufa zote tatu zilitokana na imani moja. Fundi Gervasi, aliyenifundisha kazi, husema chuma kinachotikisika hakijakazwa. Kwa hiyo kila mara aliichomelea miguu ya jenereta kwenye bati la sakafu, kwa chuma kinene zaidi, na kila mara bati likapasuka kando ya weldi. Nilimwambia injini lazima itikisike; ukiinyima nafasi, mtikisiko wake unaingia kwenye bati. Akanijibu niote ndevu kwanza.

Basi nikazikata weldi zake huku anatazama. Nikalaza vyuma viwili juu ya fremu ya gari, si juu ya bati, nikatoboa matundu manne, nikaweka vipande vya tairi la lori chini na juu ya kila mguu, nikafunga kwa boliti. Wavuvi wakasogea, na Mama Ashraf nyuma yao.

"Nehemia, unaivalisha jenereta makatambuga?" Gervasi akasema. "Inakwenda sokoni?"

Walicheka. Nikaiwasha. Gari zima likatetemeka kama zamani, na kicheko kikazidi.

Nilichuchumaa nikatazama. Raba zilikuwa zimebanwa hadi zimekuwa ngumu kama jiwe. Nilikuwa nimezikaza boliti kwa nguvu zangu zote, vile vile alivyonifundisha. Mkono wangu ulikuwa bado ni wake. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nikazilegeza boliti mpaka raba zikafutuka, nikafunga nati ya pili juu ya kila nati ili zisijifungue. Bomba la moshi lililoegemea mlango na kuutikisa nikalisogeza, nikaliunga kwa kipande cha bomba linalopinda. Nikawasha. Jenereta ikachezacheza juu ya raba zake. Nikaweka kiganja sakafuni, nikakuta pametulia.

Hakuna aliyecheka. Gervasi akasema hiyo imelegea tu, itadondoka kabla ya Simbo. Mama Ashraf akanigeukia, akauliza nani atajibu ikidondoka.

"Mimi, Mama Ashraf. Nati hizi nitazikagua mwenyewe kila asubuhi. Ufa ukitokea, nitaondoka na sanduku langu kabla hujaniambia. Lakini asizikaze mtu mwingine, hata aliyenifundisha."