Bakuli Lisiloonja Moto

Nyamburi, jirani wa nyumba ya pili, aliapa kisimani kwamba ameyaona kwa macho yake: mayai ya chura, meusi katikati, utelezi pembeni, bakuli tele, na Penina anamlisha mama mkwe wake kwa kijiko!

"Mume yuko vitani Burma na jeshi la Keya, huku Musoma mama yake anamalizwa," alisema, ndoo ikimfurikia asiione.

Haikupita juma, habari ikafika Butiama. Machage, mwana mkubwa wa bibi huyo, Wankyo, akashuka kutoka kwenye lori la pamba hapo Bweri, fimbo mkononi, uso ameukunja.

"Shemeji, nimekuja kumchukua mama. Jioni lori likirudi, tunaondoka. Mgonjwa asiyekula anafiaga kwake, karibu na ng'ombe wake."

Penina alimkaribisha kigoda. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa kutazama. Mumewe Boniphace alipovaa kofia ya Keya alimwambia neno moja tu: "Nimkute mama." Kisha homa ikampiga Wankyo, na hata ilipomwachia, chakula kikamshinda. Uji wa maji ulimkwama kooni. Uji wa maziwa aliutema, akageuza uso kuelekea zizi dogo nyuma ya nyumba, alikokuwa ng'ombe wake mmoja. Watu walisema ulimi umekufa. Penina alitazama uso ule unakogeukia, hadi siku moja akamsikia bibi akinong'ona, "Mnamchoma ng'ombe wangu."

Penina alikuwa mtoto wa ziwani. Kwao maziwa yalikuwa ya kununua, na alikuwa akiyachemsha kama nyumba zote za mjini. Hakujua kwamba kwa kina Wankyo maziwa yakiwekwa motoni, kiwele cha ng'ombe kinakauka.

Ndipo akaenda kwa Mwanaupe, mke wa mshonaji sokoni, akapewa mbegu za mrehani kwenye pindo la kanga. "Hizi hazitaki moto, mwanangu," Mwanaupe alimwambia. "Zitie majini jioni. Asubuhi utakuta zimejipika."

Tangu hapo, kila jioni aliloweka mbegu, akazichanganya na maziwa ya mgando, akafunika bakuli na kuliegesha ubavuni mwa mtungi. Kukicha alikatia papai bivu, akadondosha asali. Chakula kilikuwa kizito, baridi, kinateleza chenyewe kooni mwa bibi.

Sasa alileta bakuli, akaliweka mbele ya shemeji yake.

Machage alilichungulia. "Nini hii?"

"Mbegu za mrehani. Zimevimba."

"Zimevimba! Mbona zinanitazama?"

"Zinashangaa mtu mzima anayeogopa chakula," ilijibu sauti mlangoni. Wankyo alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Machage alishtuka; alikuwa ameambiwa mama hainuki. "Kula, Machage. Ulivyokuwaga mdogo ulikula udongo, hukuuliza."

"Mama, maziwa haya..."

"Hayajaona moto. Kamuulize ng'ombe."

Machage alifumba macho, akatia kijiko kinywani. Alikaa hivyo, mashavu yametuna, kama mtu anayengoja kitu kiruke ndani. Hakikuruka. Akafumbua jicho moja. Akachota tena. Juu ya ua wa minyaa, kilemba cha Nyamburi kilichomoza, kikazama, kikachomoza tena.

"Jirani, karibu!" Wankyo aliita. "Vyura wanakwisha!"

Kilemba kikazama, hakikurudi.

Jua lilipolegea, Penina alipiga magoti kando ya kigoda. "Shemeji, niachie mama mpaka Boniphace arudi. Aje amkute hapa alipomwacha."

Machage alikuwa akizungusha kijiko kwenye bakuli tupu. Barabarani lori la pamba lilipiga honi, likangoja, likapiga tena. Fimbo ya Machage ilikuwa imeegemea ukuta, hakuigusa.

Penina aliinuka, akaenda kwenye mtungi. Alitia konzi moja ya mbegu majini. Akasita, akaongeza nyingine, ya shemeji. Zilielea kavu, nyeusi tii, kisha moja moja zikaanza kuvaa ukungu wa utelezi.