Dakika Kumi na Mbili za Mama Dzigbordi

Sauti ilikuwa yangu. Ukifungua ile programu kwenye simu na kuchagua kitabu, anayekusomea ni mimi, Naa Korkoi, nimejifungia kwenye chumba cha kurekodia huko Osu, Accra, kuta zake zimebandikwa magodoro. Vitabu vinene vya malezi, vya biashara, vya ndoa, vyote tulivikamua vikabaki dakika kumi na mbili. Mkamuaji alikuwa bosi wangu, Fiifi Baidoo, kijana aliyeamini kwamba mwandishi yeyote anayezidisha kurasa hamsini ana jambo analificha.

Mama Dzigbordi alipanda ngazi zetu asubuhi moja bila miadi. Alikuwa ametoka mji wa Ho kwa basi la alfajiri, mwanamke wa miaka sabini hivi, mwenye fimbo ambayo hakuiegemea hata kidogo. Nilipomsalimia alisimama pale pale.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeingia nyumbani kwangu kwa mdomo wa mdogo wangu."

Fiifi akatoka ofisini kwake akitabasamu. Alimjua kwa jina. Mama huyu alikuwa amepatanisha familia zilizogombana kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kisha akaandika kitabu juu ya kazi hiyo. Mchapishaji alituruhusu tukifupishe, nasi tukakitoa kwa jina la Nguzo Tano za Kupatana. Kilikuwa kinasikilizwa sana.

"Karibu, Mama. Tumefurahi mno—"

"Usifurahi. Mdogo wangu Mawuli alikuwa hasemi nami tangu mama yetu azikwe, kwa sababu mazishini hakuja. Juzi kaja. Kasimama sebuleni kwangu, kaweka mkono kifuani, kasema, 'Dada, kwanza naukubali uchungu wako. Pili, sitajitetea.' Huo mkono kifuani umeutoa wapi?"

"Kwenye kitabu chako," Fiifi akajibu.

"Kitabu changu kinamtaja mzee mmoja wa Kpando mwenye ugonjwa wa moyo. Alishika kifua kwa sababu kilimwuma. Wewe umekifanya kuwa nguzo."

"Wasikilizaji wameipenda sana hiyo," Fiifi akasema.

"Alipofika nguzo ya nne nikamwuliza, unaomba msamaha wa kitu gani? Akanikodolea macho kama mwanafunzi aliyeulizwa kisichokuwamo kwenye mtihani. Nikamfukuza."

Fiifi alivuta kiti akakaa. Hakumkaribisha mgeni naye akae.

"Lakini alikuja, Mama. Kitabu chako kimekaa dukani miaka yote hiyo, kilimleta lini? Sisi tumemleta akiwa kwenye foleni ya magari, ana vipokeasauti masikioni. Kwa haki ungekuja na shukrani."

Neno hilo lilimwingia. Niliona midomo yake ikikazana, na fimbo ikahama mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sura ya sita iko wapi?"

"Ile ya mazishi? Tuliiondoa. Ni kisa tu, hakina funzo."

"Sura ya sita ndiye yeye. Amesikiliza kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake, asijione humo." Akachomoa kitabu kwenye mkoba akakibwaga mezani kwangu. "Nimsomee mimi, hatasikiliza. Sauti hii anaiamini. Isome yote, nimpelekee."

"Haiwezekani," Fiifi akasema. "Studio si ya barua za kifamilia." Kisha akanigeukia. "Naa, ukiingia mle na kitabu hicho, kesho usirudi."

Yule mama hakunipendeza. Alikuwa na kiburi, tena alininyoshea fimbo kama mimi ndiye niliyemzaa huyo Mawuli. Lakini Fiifi alinikaripia mbele ya mgeni kama mtu anayemzuia mbwa mlangoni, na haikuwa mara ya kwanza. Ndiye aliyewahi kuniambia kwamba nikivuta pumzi kati ya sentensi namwibia msikilizaji. Nikachukua kitabu, nikaingia, nikafunga mlango.

Nilisoma taratibu, navuta pumzi kila nilipotaka. Sura ilieleza jinsi jeneza lilivyosimama mlangoni likimngoja mtoto wa kiume wa marehemu alitangulie, jinsi wanawake walivyorudia wimbo mmoja mpaka sauti zikakauka, na watu wa nyuma wakaanza kucheka. Jina la mwana huyo halikutajwa. Nje ya kioo Mama Dzigbordi alisimama wima akinitazama mdomo, kama anayekagua kwamba sijaruka neno.

Nilipotoka, mkoba wangu ulikuwa umeshawekwa kwenye ngazi.

Tulishuka wote wawili hadi kwenye kibanda cha chakula kilichokuwa chini ya ofisi. Aliagiza kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, akamtumia Mawuli ile sauti niliyomhamishia kwenye simu yake, akaanza kula. Hakunishukuru wala hakuniuliza nimepoteza nini. Nami sikumwambia.

Simu iliita kabla hajamaliza. Mkono wake ulikuwa na pilipili, akabonyeza kwa kidole kidogo, sauti ikasikika meza nzima.

"Dzigbordi." Safari hii hakusema dada. "Umeniandika. Umenianika sokoni kama samaki."

"Sikukutaja."

"Ho nzima inajua ni mwana wa nani hakuja."

"Basi jibu. Ulikuwa wapi?"

"Leo ndiyo unaniuliza? Unapatanisha watu wasiokuhusu ndewe wala sikio, mimi uliwahi kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa, Mawuli. Ulikuwa wapi?"

Kwa upande wake nilisikia nyundo za watu wanaopiga mabati.

"Nilikuwa Ho. Nilikaa kituo cha magari, nimevaa nguo za msiba. Mama aliniambia kwa mdomo wake, nikifa usikanyage kaburi langu, kwa sababu ya yule mwanamke niliyemwoa. Nilikaa pale mpaka ngoma zikanyamaza, nikapanda gari nikarudi Ashaiman."

"Mama hakusema hivyo."

"Wewe hukuwepo."

"Mama yangu mimi aseme hivyo? Mwongo wewe."

"Haya, andika. Andika na kingine." Akakata.

Mama Dzigbordi aliitazama simu mpaka kioo chake kikazima chenyewe. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta la kusema, lakini alinyosha mikono kwenye bakuli akanawa kwa nguvu, kidole kimoja kimoja.

"Magari ya Ashaiman yanapakia wapi?"

Nikamwelekeza kituo cha Tema. Akamfunga samaki aliyebaki kwenye karatasi, akaondoka bila kuaga, fimbo kwapani.

Wiki hiyo hiyo Fiifi alikiondoa kitabu cha yule mama kwenye programu na kutafuta sauti nyingine. Siku hizi nasoma matangazo ya vifo redioni, na huko hakuna anayethubutu kufupisha. Ukiruka jina la shangazi mmoja tu, simu zinaita mchana kutwa.

Mama Dzigbordi alinipigia simu mara moja tu. Alitaka kujua kama ile sauti inaweza kufutwa kwenye simu ya mtu mwingine. Nikamwambia haiwezekani. Akasema alifika Ashaiman siku ile, akamkuta Mawuli uani, wakaanza kutukanana pale pale, mpaka majirani wakaja na viti kuwasuluhisha.

"Nikawafukuza," akasema. "Nikawaambia rudini kwenu, hatujafika huko."

"Na sasa mmepatana?"

"Nani kakwambia tunapatana? Huja kila Jumapili tunagombana. Bado tuko kwenye mwaka ule aliooa."