Gazeti la Tarehe Tisa Aprili

Dominic alikuwa na ugonjwa wa magazeti, tena ya Waingereza, tena makuukuu. Kila Jumapili alitoka nyumbani Evere, huko Ubelgiji, kwenda kupekua masanduku ya mitumba mjini, na kila Jumapili alirudi na mzigo. Chumba cha wageni kilijaa hadi dari. Mkewe akitaka kugusa hata moja, sharti anawe mikono kwanza, kana kwamba anaingia chumba cha upasuaji.

Bibiane, mzaliwa wa Bukavu, alivumilia miaka mingi, kisha maji yakamfika shingoni.

"Dominic, sikia. Chagula: makaratasi ya Bazungu ao miye. Nitaenda kwa Tante, Laeken, alors utabakia na yako."

Wala hakuwa anatania. Sanduku la nguo za kwenda kwa shangazi yake alikwisha kulishusha kabatini.

Mtu mwenye akili timamu angeyatupa magazeti. Dominic akaenda kununua jingine! Wakusanyaji wenzake walikuwa na desturi yao: ukitaka kumfurahisha mtu, mtafutie gazeti lililotoka siku aliyozaliwa. Akalisaka la tarehe ya kitambulisho cha mkewe, tisa Aprili 1983, hadi akalipata kwa mzee mmoja wa London. Lilikuja kwa posta, halina hata doa. Akalitia kwenye fremu. Bibiane hakuwahi kukubali kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa, naye Dominic siku zote alidhani anaona haya tu.

Alimpa mezani, baada ya chakula cha mchana.

"Siku uliyokuja duniani, mke wangu. Tazama, hata matangazo ya viatu yamo."

Bibiane aliisoma ile tarehe, akaziba mdomo kwa kiganja. Dominic akadhani ni furaha, akabaki kuchekelea kama mjinga.

"Toa iyi kitu."

"Hujalipenda?"

"Iyi siku si yangu. Njo ya dada yangu." Akaketi. "Bibiane alikufaka na malaria, mbele ya safari. Dossier, makaratasi ya kuingia huku Belgique, ilikuwaka na jina yake. Tante akasema: utaenda na jina yake, bakikuita, uitike. Bon, nikaitika. Mpaka leo naitika."

Dominic aliona aibu, na chini ya aibu ile, woga. Miaka yote ya ndoa, na hakumjua aliyelala naye.

"Na wewe ulizaliwa lini?"

"Maman njo alijuaka, na maman alikufa."

"Jina lako je?"

"Laetitia." Alilitamka polepole, machozi yakamtoka. "Akuna muntu mwenye ananiita vile tena. Hata Tante aliacha. Niite weye, mara moya tu. Njo nitajua kama nabakia."

Dominic alimpenda mwanamke huyu kufa na kupona. Akamshika mikono yote miwili, akamtazama machoni, akavuta pumzi, na ulimi wake uliokwisha zoea ukamwita Bibiane.