Okota, Bwana Rennie

Nilimchukia Lachlan Rennie mwaka mzima, na sioni haya kusema. Nilimchukia nikikamua ng'ombe, nilimchukia kanisani, na mwezi Februari, tulipomzika baba yangu, nilimchukia mara mbili.

Kisa chenyewe ni kinyesi cha kondoo. Uwanja wetu wa gofu una mashimo tisa tu, na wakata nyasi wake ni kondoo wa shamba la jirani. Kila mchezaji huku hupangusa vinyesi kando ya mpira wake kabla ya kupiga, na hakuna anayemchunguza mwenzake vidole. Mwaka jana, kwenye fainali ya kikombe cha kijiji, baba yangu Wattie alifika shimo la tisa akiwa sare na Rennie, japo ugonjwa ulishamla nusu. Akapangusa. Mpira ukasogea kiasi cha punje ya shayiri.

"Umesogea, Wattie," Rennie alisema. "Hilo ni pigo moja la adhabu. Sheria ni sheria, mzee mwenzangu."

Baba hakubisha, akashindwa kwa pigo hilohilo. Kisha tukaingia kibandani, maana kwetu aliyeshindwa humjazia mshindi kikombe wiski, na haruhusiwi kukaa mpaka mshindi akimalize. Rennie alikunywa kwa kudonoa kama kuku, huku akitusimulia mchezo wake pigo kwa pigo. Baba alisimama dakika ishirini, ameshika ukingo wa meza. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, na hapo ndipo nilipoapa kwamba Rennie naye atasimama.

Mwaka huu nikafika fainali, na mpinzani wangu akawa yeye. Katibu wa klabu, Bi Effie Laidlaw, alitembea nasi awe mwamuzi.

Shimo la kwanza, mpira wake ulisimama hatua moja kutoka shimoni. Mpira ukiwa karibu namna hiyo, mchezaji anaweza kumsamehe mpinzani wake pigo la mwisho. Anamwambia auokote, na unahesabiwa kama ameuingiza.

"Okota, Bwana Rennie," nikasema.

"Ala! Kumbe Ishbel una roho nzuri!"

Shimo la pili nikamwambia tena okota. La tatu pia. Bi Effie akanivuta kando. "We mtoto, una wazimu? Siku hizi mkono unamtetemeka huyo. Mwache apige, akose!"

"Mzee wa watu, mama. Acha apumzike."

Kufikia shimo la sita, alikuwa akiinama huku mimi ndiyo kwanza nafungua mdomo. La saba na la nane aliinama kwanza, neno langu likamfuata. Mtu akizoea kubebwa husahau kutembea, na Rennie alishasahau.

Tukafika la tisa tukiwa sare, mvua inatunyeshea. Niliuingiza mpira wangu kwa mapigo manne. Pigo lake la tatu likauacha wake shibiri moja kutoka shimoni, mahali ambapo hata kondoo angeusukumia ndani kwa pua. Angeuingiza, tungetoka sare tena na kuendelea, na mikono yangu ilikuwa imeishiwa nguvu. Nikauma ulimi. Naapa, niliuma mpaka ukauma kweli.

Rennie alikuwa akimwambia Bi Effie kwamba ana hamu ya skonzi na chai ya moto. Akainama, akauokota mpira.

"Nani amekwambia uokote?" nikamuuliza.

Akacheka. Kisha akaona sicheki. "Si umekuwa ukiniambia tangu asubuhi, we binti?"

"Nimekwambia mashimo manane. Hili sijakwambia. Mama Effie, umenisikia nikisema?"

Bi Effie aliutazama mpira kiganjani mwa Rennie, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kila nilichofanya tangu shimo la kwanza. "Sijasikia neno," akasema. "Kuokota bila ruhusa ni pigo moja, Lachlan. Rudisha, umalizie."

"Shibiri moja, Effie! Sisi ni majirani! Wattie mwenyewe angeniachia!"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Baba angemwachia, angempigapiga begani, wangekwenda kunywa.

"Angekuachia," nikamwambia. "Lakini Wattie yuko makaburini, na leo unacheza na mimi. Sheria ni sheria, mzee mwenzangu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akaurudisha mpira, akauingiza. Yeye matano, mimi manne.

Kibandani alinijazia kikombe, wiski ikimwagikia vidole vyake. Ana miaka sabini, na goti lake la kushoto kila mtu analijua. Watu walinitazama, wakisubiri nigugumie haraka kama binti mwenye adabu, mzee akae.

"Kaeni, jamani," nikawaambia wote waliokuwa na ruhusa ya kukaa. "Niwasimulie. Tuanze na shimo la kwanza."

Nikalowesha midomo tu, nikakiweka kikombe mezani, nikaanza kufungua kamba za viatu. Rennie alishika ukingo wa meza, palepale aliposhika baba. Kikombe kilikuwa kimejaa, na saa ya ukutani ndiyo kwanza ilikuwa inagonga saa nne.